Kupanda Mwamba wa Tororo

Msafiri aingiaye Uganda kwa barabara ya Malaba hulakiwa na Mwamba wa Tororo. Umesimama peke yake kando ya mji, kama jino la mwisho kinywani mwa mzee. Sisi huuona kila asubuhi, na kwa kuuzoea wengi wetu humaliza masomo bila kuupanda.

Jumamosi moja ya muhula uliopita tulitoka wanafunzi 14 pamoja na mwalimu wetu wa jiografia. Saa 1 asubuhi tulikuwa njiani, kila mtu na maji yake na chapati mbili.

Chini ya mwamba Mwalimu alitusimamisha. Alisema kwamba zamani sana hapo palikuwa na volkano. Mawe ya moto yaliganda kooni mwake, mvua za miaka mamilioni zikala mlima wa nje, na koo likabaki. Jiwe lenyewe ni la chokaa, ndiyo sababu Tororo ina kiwanda cha saruji. Kilele kina urefu wa mita 1,483 toka usawa wa bahari, lakini kutoka mjini ni kiasi cha mita 300 tu. Mwenye miguu mizima hufika kwa saa moja hivi.

Njia ilipita kwanza kwenye majani marefu, kisha ikawa jabali tupu. Mahali pa wima pamewekwa ngazi za chuma. Hapo hakuna mashindano: mmoja hupanda, wengine hungoja.

Katika msafara wetu alikuwamo Mteso mmoja wa upande wa Kenya. Bwenini baadhi ya wenzetu walimwita "mgeni", na posho ikipungua walimwambia wageni hula mwisho. Hakuwajibu. Kitanda chake ki jirani na changu, na usiku wa Ijumaa ile alinionyesha barua ya kumwomba baba yake amhamishe shule.

Juu tulipata upepo mwingi. Kaskazini mashariki ulisimama Mlima Elgon, mita 4,321, umejitanda wingu. Mashariki malori yalitambaa kama siafu kuelekea Malaba. Mwalimu akamtaka kila mmoja aonyeshe kwao. Wa Soroti alinyosha mkono kaskazini, asione kitu. Mimi wa Jinja niliishia kuonyesha ukungu wa magharibi. Zamu ya Mteso ikafika.

"Kwetu ni pale, nyuma ya ule mstari wa miti," alisema. "Mwamba huu tunauona tukiwa uani. Tangu utoto wangu nimeuona kila siku."

Yule aliyezoea kumtania akauliza, "Sasa mpaka uko wapi?" Tuliutafuta sote. Tuliona mashamba, moshi wa majiko na mabati yanayong'aa, pande zote sawasawa.

Mwalimu akasema kwamba hadi mwaka 1902 nchi ile yote, mpaka Naivasha, ilihesabiwa ni Uganda. Mwaka huo Waingereza wakaikata, wakaitia katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Waliokuwa wakiishi pale walihama nchi pasipo kuhama nyumba. Wateso wakabaki pande zote mbili, wakiozana na kuzikana kama kawaida.

Hakuna aliyehutubu. Yule mtani alikata chapati yake, akampa mwenzake nusu, wakaketi pamoja wakitazama malori. Tuliteremka kabla ya jua kuwa kali. Barua ile haikutumwa, na jina la "mgeni" sijalisikia tena bwenini.

Wenzangu, msingoje mwaka wa mwisho. Vaeni viatu visivyoteleza, na mkiona mvua inakuja, ahirisheni safari. Nanyi wazee wetu mliosoma hapa, mkija kututembelea tutawasindikiza. Milima haikutani, lakini binadamu hukutana. Na mara nyingine mlima ndio huwakutanisha.