Ngozi ya Pili

Rafiki zangu wameniuliza mara nyingi kwa nini mtoto wa mpiga rangi wa magari alilifunika gari la baba yake kwa utando wa plastiki badala ya kulipiga rangi upya. Swali hilo ni la haki. Nimezoea kulijibu kwa mzaha, lakini majibu yangu ya mzaha yalimwacha Baba nje ya habari ambayo ni yake zaidi kuliko yangu.

Baba alipiga rangi magari kwa muda wa miaka 30 katika gereji za Gerezani, Dar es Salaam. Gari nilisemalo ni Toyota Mark II ya mwaka 1998, lililoletwa kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika. Alilinunua likiwa jeupe, lenye mikwaruzo mingi. Mwaka 2008 alilipiga rangi ya buluu iliyokolea uani kwetu Temeke, kwa mikono yake mwenyewe, katika siku zake za mapumziko. Wakati ule nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, na kazi yangu ilikuwa kumwagia maji mahali apigapo msasa, na kufukuza kuku. Nimeona magari mengi mapya tangu siku hizo, lakini sijaona boneti iliyoonyesha matawi ya mwembe wetu kwa unyofu kama ile.

Jua halimjali fundi. Kufika mwaka 2020 vanishi ya juu ilikuwa imekufa paani na kwenye boneti. Ilianza kwa mabaka meupe, mfano wa mba katika ngozi ya mtu, kisha ikabambuka vipande vipande. Kwenye milango na madigadi rangi ilikuwa bado hai. Kila aliyeliona gari alisema kuwa dawa yake ni kulipiga rangi upya, wala hakukosea. Ila hakujua habari za nyumba yetu.

Rangi za magari za siku hizi aghalabu huchanganywa na kigumishi, na katika vigumishi vingi mna kemikali ziitwazo aisosianeti. Mvuke wake hauna harufu ya kumwonya mtu mapema. Mwenye kuuvuta huweza kupata pumu, na mwili ukisha kuikataa kemikali hiyo, chembe ndogo tu hutosha kumfunga mtu pumzi. Mpiga rangi huhitaji barakoa iletewayo hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba. Baba na wenzake walijifunga kitambaa puani. Alipoacha kazi mwaka 2014 hakuacha kwa uzee. Aliacha kwa sababu hakuweza kupanda ngazi za hospitali bila ya kusimama mara tatu njiani. Kama ningalilipeleka gari gereji, yeye angalinifuata. Angalisema kuwa anakwenda kutazama tu, na baada ya saa moja bunduki ya rangi ingalikuwa mkononi mwake. Mama aliniita jikoni akaniambia, "Mwanangu, gari na libaki na mba zake. Baba yako nimemtoa gereji mara moja. Mara ya pili sitaweza."

Liko jambo jingine ambalo sikumwambia Mama. Kulipiga gari rangi upya si kuongeza rangi juu ya rangi. Kwanza msasa hula ya zamani. Kazi ya mwisho ambayo Baba aliifanya kwa ajili ya nyumba yake, wala si kwa ajili ya mteja, ingaligeuka vumbi la buluu sakafuni mwa gereji ya mtu mwingine.

Hapo ndipo nilipoufikiria utando wa vinili, ambao mitaani huitwa stika. Asili yake ni plastiki ya PVC, ambayo ilikuwa kitu kigumu kisicho na faida kubwa mpaka mwaka 1926, alipotokea Waldo Semon, mkemia wa kampuni ya B.F. Goodrich katika jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa akitafuta njia ya kushikamanisha mpira na chuma. Aliipasha plastiki ile moto katika vimiminiko, ikatoka laini, yenye kunyumbuka. Utando wa magari ni mjukuu wa chungu kile. Aina zake kubwa ni mbili, na mnunuzi yampasa kuzijua kabla ya kutoa fedha. Ya kwanza hupitishwa baina ya rola za moto, ikatandazwa kama chapati. Hiyo ni nene na ya bei nafuu, lakini haisahau kuwa ilivutwa. Baada ya muda hunywea na kuziacha kingo wazi. Ya pili humiminwa ikiwa majimaji, kisha ikaokwa. Ni nyembamba, unene wake ukiwa kama sehemu ya ishirini ya milimita, nayo huyafuata mapindo ya gari bila ya kinyongo. Nilinunua ya pili, mita 18 zenye upana wa sentimita 152, kwa bei ambayo hata leo sijaitaja nyumbani.

Habari iliyonishawishi hasa ilikuwa ya teksi za Ujerumani. Mwaka 1971 iliwekwa sheria kwamba teksi za huko ziwe na rangi moja ya pembe iliyopauka, na ingawa majimbo kadhaa yamelegeza sharti hilo, wako wenye teksi ambao hununua gari la rangi nyingine, wakalivika utando wa rangi ya pembe. Siku ya kuliuza huubandua, na rangi ya asili hutokea ikiwa haikuguswa na jua. Nilijiambia kuwa buluu ya Baba nayo itakaa gizani vivyo hivyo, salama, mpaka siku itakapotakiwa.

Nilimweleza Baba jioni, baada ya sala ya magharibi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huo utando utashika nini? Chuma, au rangi yangu?"

"Rangi, Baba."

"Na siku utakapouvuta, utavuta nini?"

Nilinyamaza. Rangi ya kiwandani, iliyookwa katika tanuri, aghalabu haing'oki pamoja na utando. Rangi iliyopigwa baadaye huweza kung'oka mahali ambapo haikushikana sawasawa na iliyo chini yake. Nilikuwa nimekwisha kulisoma jambo hilo, nikalipita haraka kama mtu apitavyo mlango wa mdai wake. Baba alicheka mpaka akakohoa. "Bandika," akasema. "Tutajua nilikuwa fundi wa namna gani."

Siku tatu za kwanza hapana kilichobandikwa. Watu hudhani kuwa utando huficha ubaya. Kwa hakika huuficha kama shuka jembamba limfichavyo mtoto aliyelala: kila ukingo wa vanishi inayobambuka, kila punje ya mchanga, huonekana juu yake. Ilinilazimu kuondoa kila kilicholegea, na kulainisha kingo mpaka kidole kisihisi kitu. Nilitaka kupiga msasa mkavu ili nimalize mapema. Baba, aliyekuwa ameketi chini ya mwembe, alinikataza kwa ishara ya mkono, nikakumbuka kifua chake na lile vumbi, nikaona haya. Nilichukua ndoo ya maji. Kila nilipodhani kuwa nimemaliza, alikuja polepole, akafumba macho, akapitisha kiganja juu ya bati. Kiganja kikasimama mahali ambapo macho yangu mawili hayakuona kitu. Kwenye boneti alisimama muda mrefu. Vanishi ilikuwa imetoka, na rangi imebaki tupu, haina ngao. Hakusema neno, akarudi kitini.

Baada ya msasa nililiosha gari kwa sabuni, nikalifuta kwa spiriti, hasa kwenye mianya ya milango ambako nta ya miaka mingi hujificha. Taa na vishikio vilivyokubali kutoka nilivitoa.

Kazi ya kubandika niliifanya mwezi wa Julai, wakati wa kipupwe, tangu alfajiri hadi saa tatu asubuhi. Bati likisha kupata moto, gundi hushika kabla ya mtu kuamua ashike wapi. Mdogo wangu alishika upande mmoja, mimi upande wa pili, tukautandaza utando ukining'inia kama shuka linaloanikwa. Katika gundi yake mna vijia vidogo mno, na mtu akikandamiza kutoka katikati kwenda pembeni kwa kibao cha plastiki chenye kitambaa ukingoni, hewa hupita humo na kutoka. Paa lilitokea vizuri. Mlango wa kwanza ulipata mikunjo, nami nikaikandamiza kwa hasira, jambo ambalo ni kosa la kila mwanafunzi. Mkunjo haukandamizwi. Huinuliwa, ukapashwa moto kidogo, na plastiki yenyewe hurejea umbo lake; ndipo huwekwa tena. Kwa moto huo nilianza na draya ya nywele ya dada yangu, ambayo iliungua siku ya pili, na deni lake nimelilipa. Bampa la mbele lilinishinda kabisa. Niliuvuta utando kupita kiasi mpaka rangi yake ikapauka, na mita mbili zikaenda jaani, ambako nahofu zitakaa kuliko sote.

Liko kosa moja ambalo sikumwambia mtu kwa muda mrefu. Nilipokuwa nikikata ziada kwenye madigadi ya kushoto, mkono ulinielemea, na wembe ukapita utando ukaingia katika rangi. Nilisikia mlio wake. Ni mstari wa urefu wa kidole, nami niliufunika upesi kwa ukingo wa utando, nikatazama kule mwembeni. Baba alikuwa akitazama pengine, au alijifanya kutazama pengine.

Utando niliouchagua ulikuwa wa buluu iliyokaribiana na ile ya zamani. Rangi ya gari huandikwa katika kadi ya usajili, na mwenye kuibadili hana budi kuarifu. Sikutaka safari hiyo. Zaidi ya hayo, sikutaka Mama asimame barazani asilitambue gari likiingia.

Joto na jua huanza kuula utando pale palipolala kifudifudi mbele ya mbingu. Milango yetu ingali mizuri hata leo. Mwezi wa Agosti mwaka 2024 boneti ilikuwa imechakaa na kuanza kupasuka, na utando ukiachwa mpaka ukauke kabisa, hutoka kwa vipande vya ukubwa wa ukucha. Siku yenyewe ilikuwa imefika. Baba alitaka kiti chake kiletwe karibu. Nilipasha moto kona moja, nikaanza kuvuta polepole, utando ukilala karibu na bati, kama nilivyofundishwa. Buluu ilitokea. Haikuwa na mng'ao, kwa maana tuliipiga msasa wenyewe, lakini ilikuwa imekolea na haikupauka hata kidogo. Nilivuta shubiri moja, ya pili, ya tatu. Kisha nikasikia sauti kama ya karatasi inayochanika, na karibu na kioo, upande wa kulia, pakabaki weupe wa Japani, sehemu ya ukubwa wa kiganja.

Nilisimama. Sikuweza kugeuka kumtazama.

Baba aliinuka, akauchukua utando mkononi mwangu, akaugeuza kwenye mwanga, akaisugua kwa kidole ile rangi iliyong'oka.

"Hapa sikupiga msasa ukatosha," akasema. "Mvua ilikuwa inakuja, nikaharakisha." Akanirudishia ile ncha. "Haya, endelea. Upande ule nilifanya asubuhi."