Habari za nyumbani ni amana



Kila sifa njema anastahiki Allah (SW), aliyetufungamanisha kwa udugu wa damu na kutuamrisha kuutunza. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu msomaji, kuunga udugu ni jambo linalozungumzwa sana katika mimbari na madarasa yetu, na aghalabu tunahimizwa kutembeleana, kupigiana simu na kusaidiana. Leo napenda kugusa upande mmoja usiosemwa sana, nao ni kupeana habari zilizokamilika. Ndugu anayekaa mbali kwa miaka mingi hukosa harusi na misiba, lakini pia hukosa kujua ni nani anaishi wapi, analima wapi na kwa haki gani. Habari hizo zikipunguzwa, anayeumia mara nyingi si yule aliye mbali, bali ni mnyonge aliyebaki nyumbani.

Nitaeleza kwa mfano wa nyumba yetu wenyewe. Sisi ni watu wa Usambara Magharibi, upande wa Bumbuli, mkoani Tanga. Anayetoka nyika hupanda kutoka Mombo kwa barabara ya kona nyingi hadi Soni, kisha huiacha barabara ya Lushoto na kushika ile inayokuja kwetu. Kaka yangu mkubwa alishuka kwa njia hiyo baada ya Idd el-Fitr ya mwaka 2018, akaenda Muscat, Oman, kwa kazi ya udereva. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Ulipokwisha dunia ilikuwa imefungwa kwa ugonjwa wa korona. Akaongeza miwili, kisha mingine miwili, na hatimaye akarejea mwezi wa Julai mwaka 2024.

Katika miaka hiyo sita hakukosa kupiga simu. Kila Ijumaa baada ya swala aliuliza, "Habari za nyumbani?" na Mama alijibu, "Salama, alhamdulillah." Jibu hilo halikuwa la uongo. Kwa Mama, salama maana yake ni kwamba tungali hai na tunamshukuru Mola. Alikuwa pia na sababu yake, na alituagiza wazi kwamba mtu anayeendesha gari usiku katika nchi ya watu asibebeshwe mzigo asioweza kuutua. Basi kaka alipata habari za misiba mikubwa, lakini mengine yote yalikaa ndani ya neno hilo moja.

Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti, na kazi hiyo ina desturi yake. Kila mchango, kila sadaka na kila deni la msikiti huingia katika kaunta buku pamoja na tarehe na majina ya mashahidi. Kaka alipoondoka nilinunua kaunta buku nyingine kwa ajili ya nyumba yetu. Sikubuni jambo jipya. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikishana madeni, nami niliona kwamba familia iliyotawanyika ina mengi yanayofanana na deni. Aliporejea tulikaa jikoni siku tatu mfululizo baada ya Isha, kwani Julai ya kwetu ni ya ukungu na baridi, na hakuna mahali pazuri pa mazungumzo kuliko kando ya mafiga. Mama alikaa kwenye kigoda chake, tukapakua makande, nikafungua daftari.

Siku ya kwanza ilikuwa ya waliozaliwa na waliofariki. Watoto saba wamezaliwa katika ukoo wetu tangu aondoke, na kaka alitaka kujua kila mmoja amepewa jina la nani na aqiqa yake ilifanywa lini. Kisha tukafika ukurasa wa Baba. Marhum alifariki katika kumi la kwanza la Ramadhani ya mwaka 2020, wakati ndege za abiria za kimataifa zilikuwa zimesitishwa, na kaka hakuwa na njia yoyote ya kufika. Alijua siku na saa. Asichokijua ni nani alimkosha Baba, nani alimswalia, na amelala upande gani wa makaburi. Nilimsomea yote kwa utaratibu. Nilimsomea pia madeni mawili ambayo Baba aliyataja mwenyewe kabla ya kukata kauli: mfuko mmoja wa mbolea na fedha ya ndama aliyouziwa na jirani. Yote mawili yalilipwa kabla ya siku ya saba, na sahihi za waliolipwa zipo. Kaka aliinama kwa muda mrefu, kisha akaniomba niusome tena ukurasa ule.

Siku ya pili ilikuwa ya mvua na ardhi. Mwishoni mwa mwaka 2019 vuli ilinyesha kupita kiasi, mlima ukaporomoka juu ya nyumba yetu, udongo ukabomoa ukuta wa jiko na kufukia robo ya mahindi. Barabara ilikatika, fuso za mboga zikashindwa kupita, na kabichi na nyanya za kijiji kizima zikaozea katika matenga. Kaka alikuwa ameambiwa kwamba mvua zimekuwa nzuri mwaka huo.

Mwaka 2021 tuliingiziwa umeme. Mwaka huohuo dada yetu anayenifuata aliachwa na mumewe, akapanda mlima na watoto wawili na sanduku moja. Alikaa eda yake kwa Mama, na ilipokwisha akashika jembe. Alichukua bonde letu, nusu eka iliyo kando ya kijito, akapanda karoti na pilipili hoho. Mwaka 2022 mbolea ilipanda bei kwa kiasi cha kutisha kabla ya ruzuku ya serikali kuja, na wengi waliacha mashamba yao wazi. Yeye alitumia samadi ya mbuzi wa Mama. Mwaka huo pia Mama alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na gharama yake ilitoka katika karoti hizo. Jambo hilo kaka hakulijua kabisa. Alimtazama Mama usoni kana kwamba anahesabu ni simu ngapi alizopokea wakati huo akiwa haoni vizuri.

Dada alifanya jambo jingine ambalo ni la maana kwetu sote. Palipoporomoka alichimba matuta ya ngazi, akapanda majani ya guatemala kwenye kingo. Marhum babu alikuwa akisimulia jinsi serikali ya kikoloni ya Waingereza ilivyowalazimisha wakulima wa Usambara kuchimba matuta katika miaka ya 1950, na jinsi watu walivyoyachukia kwa kuwa yalikuja kwa amri na faini. Dada hakuamrishwa na mtu. Mvua za El Niño zilipokuja mwishoni mwa mwaka 2023, pale juu ya nyumba yetu ardhi haikusogea.

Siku ya tatu ndiyo iliyokuwa nzito. Mirathi ya Baba ilikuwa haijagawanywa. Baada ya msiba nilishauri mgao ufanyike mapema, kwa hoja kwamba mrithi asiyekuwepo haki yake haipotei, na anaweza kuweka wakili wa kumpokelea. Wazee wa ukoo waliona ni heshima kumsubiri mtoto mkubwa, na neno lao likapita. Katika kusubiri huko ami yetu mmoja alimwambia kaka kwenye simu kwamba bonde ni lake, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa, na kwamba mabinti wamekwisha kusamehe mafungu yao. Kaka akaamini. Kidogo kidogo akatuma fedha, na lori tano za mawe zikamwagwa bondeni kwa ajili ya nyumba aliyokusudia kuijenga. Alipofika alimkuta dada anapalilia karoti kwa kuyazunguka mawe hayo.

Nilifungua ukurasa wa warithi. Baba ameacha mke mmoja, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Kwa mujibu wa Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12, mke hupata thumuni kwa kuwa marehemu ameacha watoto, na kinachobaki hugawanywa kwa watoto, mwanamume akipata mafungu mawili ya mwanamke. Mali yetu basi ilikuwa mafungu manane yaliyokamilika: moja la Mama, mawili ya kaka, mawili yangu, na moja kwa kila dada. Ardhi ilikuwa eka tatu za mteremko na nusu eka ya bondeni. Wakadiriaji wawili wa kijijini walikuwa wamekubaliana kwamba robo eka ya bondeni, yenye maji mwaka mzima, ina thamani ya nusu eka ya mteremko. Hesabu ilikuwa imetulia. Kilichobaki kilikuwa mioyo ya watu.

Kaka alisema, "Mdogo wangu, shamba lenyewe dogo hivi, tukilikatakata litabaki nini? Na mabinti si wamesamehe?"

Nilimjibu kwamba aya ya 7 ya sura hiyohiyo imewathibitishia wanawake fungu lao, mali iwe ndogo au kubwa, na kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo imempa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Kuhusu kusamehe, tulipiga simu palepale. Dada wa Korogwe alisema hajawahi kuulizwa. Dada wa Tanga alisema aliulizwa mbele ya wageni wa msiba, akanyamaza kwa haya. Ndugu msomaji, kimya cha binti msibani si hiba. Mwenye haki hukabidhiwa kwanza iliyo yake, kisha akitaka kuitoa, huitoa kwa ridhaa yake.

Mama, ambaye siku zote tatu alikuwa msikilizaji, alisema neno moja: "Mimi nimezaa watano. Sikuzaa wawili."

Kaka alitoka nje bila kujibu, na usiku ule alilala bila kunywa chai yake. Baada ya Alfajiri nilimwona bondeni amesimama na dada. Sikuyasikia waliyoyazungumza, na sikumuuliza yeyote kati yao. Wiki iliyofuata tulipima kwa kamba mbele ya wazee na mwenyekiti wa kijiji. Dada alipata robo eka ya bondeni na Mama robo iliyobaki. Kaka alichukua eka moja ya juu karibu na barabara, mimi eka moja, na madada wawili nusu eka kila mmoja. Ami hakuhudhuria. Kaka aliweka sahihi, lakini siwezi kusema kwamba aliifurahia. Nyumba ya bondeni ilikuwa ndoto ya miaka sita, na mtu haagani na ndoto kwa kuonyeshwa hesabu tu. Alirejea Muscat mwezi wa Agosti. Mawe yangalipo kwenye kipande cha dada, na watoto wake huanika maharage juu yake. Tumekubaliana yahamishwe kabla ya masika.

Wapo waliosema kwamba dada amepata bonde kwa sababu ya jasho lake. Jasho lake tunalishukuru, na Mama analiona kwa macho yake mawili. Lakini fungu lake halikutokana na jasho. Lilikuwa lake tangu siku Baba alipofariki, hata kama asingeshika jembe, kwa sababu yeye ni binti wa Baba. Tukianza kuwapimia wanawake haki kwa kazi waliyoifanya, tutamnyima aliye mgonjwa na aliyeolewa mbali.

Ninalowausia wenzangu ni haya. Kila nyumba iwe na daftari lake, liandikwe vizazi, vifo, madeni, mahari na mipaka ya mashamba, na lisomwe mbele ya mashahidi. Mirathi isingoje msafiri. Simu zipo, na wakili anaruhusiwa. Mzazi akimficha mwanawe dhiki kwa huruma, tumheshimu, lakini pasiwepo siri inayokalia haki ya mtu. Na msafiri naye asitosheke na neno salama. Kaka siku hizi haulizi tena habari za nyumbani kwa ujumla. Humuuliza Mama jicho la kushoto linaonaje, na Ijumaa iliyopita aliomba azungumze na dada. Alitaka kujua karoti zimeuzwa shilingi ngapi tenga.

Tunamuomba Allah (SW) azilaze pema roho za wazee wetu, awarejeshe salama ndugu zetu walioko ughaibuni, na atujaalie kufikisha amana kwa wenyewe. Amin.

Wabillahi tawfiq.