K ya Husuni Kubwa

Mwaka 2006 nilikuwa Kilwa Masoko, kwenye mradi mdogo wa kuorodhesha vitu vilivyookotwa katika magofu ya Kilwa Kisiwani: vigae vya vyungu, shanga, na sarafu ndogo za shaba zenye jina la Sultani Ali bin al-Hassan. Miaka miwili kabla, UNESCO ilikuwa imeyaingiza magofu yale na ya Songo Mnara katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, nasi tulikuwa na haraka ya kuandika kila kitu. Kazi yangu ilikuwa kanzidata, katika programu ya Access 2003.

Dada niliyefanya naye kazi aliandika namba kwenye vigae. Huosha kigae, hukianika, hupaka tone la vanishi. Likikauka huandika namba kwa kalamu yenye ncha kama sindano, kisha hufunika kwa vanishi tena. Tarakimu moja ikipinda, hufuta akaanza upya. Nilikuwa nikimtania kwa taratibu zake.

Watu walipoanza kufutiana rekodi, nikaweka ulinzi wa mtumiaji mmoja mmoja: huyu asome tu, yule aongeze, mimi peke yangu nibadilishe. Wiki nzima mambo yakaenda vizuri. Kisha diski ya kompyuta ya mezani ikafa. Nakala ya kanzidata nilikuwa nayo kwenye flashi, basi nikabeba laptopu, tukavuka kwa mashua, nikakaa kivulini mwa Gereza, ngome ya kale ya Kisiwani, nikaifungua. Ikaniambia sina ruhusa, nimwombe aliyeitengeneza anipe. Aliyeitengeneza ni mimi!

Siku mbili nilihangaika na nywila, jioni nachaji Masoko, asubuhi navuka tena. Laiti ningetulia, ningeona kwamba laptopu haikuwahi kuniuliza nywila. Hata jina haikuniuliza. Access ya wakati ule iliweka watumiaji, vikundi vyao na nywila zao katika faili ya pembeni, ya aina ya mdw. Kanzidata yenyewe ilibeba ruhusa tu. Mdw yangu ilikufa na diski. Laptopu ikatumia ya kwake, iliyokuja na programu, inayomwingiza kila mtu kimyakimya kwa jina moja, Admin. Na huyo Admin nilikuwa nimemnyang'anya ruhusa zote kwa mkono wangu mwenyewe.

Dawa ilikuwepo. Mtumiaji aliyepotea unaweza kumuumba upya, mradi uandike jina lake na herufi zake za utambulisho, kuanzia 4 hadi 20, vilevile kama mwanzo, kubwa kwa kubwa na ndogo kwa ndogo. Kwenye daftari nilikuwa nimeziandika, lakini kwa mazoea yangu, zote kubwa: HUSUNIKUBWA, jina la gofu mojawapo la Kisiwani. Nikampa Admin nywila ili laptopu ianze kuuliza majina, nikajaribu hivyo. Sina ruhusa. Nikajaribu zote ndogo. Sina ruhusa.

"Kaka," dada akasema, macho yake kwenye kigae, "si wewe siku ile ulinitangazia kwamba Kubwa lazima ianze na K kubwa? Ukasema ingekuwa Husuni Ndogo, ungeandika ndogo."

Kweli nilisema. Mzaha wenyewe nilikuwa nimeusahau, yeye ameushika.

Nikaandika HusuniKubwa. Nikafunga, nikafungua tena. Ikauliza jina. Nikaweka jina langu, na mahali pa nywila nikaacha wazi, maana mtumiaji aliyeumbwa upya hana nywila. Ile niliyoisumbukia siku mbili haikuhitajika kabisa. Orodha ya vigae ikatokea kwenye kioo, betri ikiwa karibu kuzima, na jambo la kwanza nililofanya ni kunakili mdw mpya kwenye flashi.

Mwaka uliofuata tuliletewa Access 2007, ambayo faili zake za aina mpya hazina tena ulinzi wa namna ile. Lakini faili za zamani, za aina ya mdb, bado zimelala katika kompyuta za maofisi. Ukiikuta moja inakukatalia bila hata kukuuliza jina, acha kubahatisha nywila; tafuta kwanza mdw yake.