Michelangelo na Ndugu Zake

Siku za likizo ya Noeli mwanangu alikuja nyumbani na kompyuta yake, akanionyesha sinema moja ya zamani ambayo nilikuwa nikiisikia kwa jina tu. Yaitwa The Agony and the Ecstasy, ndiyo kusema Mateso na Shangwe Kuu. Ilitengenezwa mwaka 1965 na Bwana Carol Reed, Mwingereza, kutokana na kitabu cha Irving Stone kilichotoka mwaka 1961. Habari yake ni ya Michelangelo Buonarroti wa Firenze, fundi wa kuchonga mawe katika nchi ya Italia, na ya Papa Julius II aliyemtia kazi ya kupamba dari ya kikanisa cha Sistina mjini Roma tangu mwaka 1508 hata 1512. Nilikaa nikaitazama kama mtu atazamaye mambo ya mbali yasiyomhusu. Lakini ilipokwisha nilikuwa na neno moyoni, na neno lenyewe si la Roma, ni la nyumba yetu. Naomba wasomaji wanivumilie nianze na Roma kwanza.

Sinema ni nzuri, nami sitaki kuidharau. Papa huonekana kwanza amevaa deraya za vita, yu juu ya farasi, kwani Julius alikuwa mtu wa vita kweli. Bwana Rex Harrison ndiye Papa, na Bwana Charlton Heston ndiye Michelangelo. Watu wawili hawa hugombana tangu mwanzo hata mwisho. Papa husimama chini akauliza kazi itakwisha lini, na yule aliye juu ya jukwaa hujibu kwamba itakwisha atakapoimaliza. Hilo huulizwa mara nyingi hata mtazamaji hucheka, kisha mara ya mwisho hacheki tena. Tena yaonyeshwa jinsi alivyokuwa hataki kazi ile kabisa. Alitaka kuchonga marumaru, naye alisema uchoraji si ufundi wake. Katika hili sinema haikukosa. Hata katika barua zake alikuwa akijiita Michelangelo mchonga sanamu, na huku siku nzima mikono yake imejaa rangi.

Mengine wameyatia chumvi, kama ilivyo desturi ya wenye sinema. Wamwonyesha amekimbilia machimbo ya mawe ya Carrara, na huko akaona mawinguni mfano wa Mungu akimnyoshea Adamu mkono. Jambo hilo halikuwa. Kweli alimkimbia Papa, lakini ilikuwa mwaka 1506, kabla ya kazi ya dari, naye alikwenda kwao Firenze kwa hasira, kwa sababu ya kaburi la Papa alilokuwa ameagizwa kulichonga na fedha yake ikazuiwa. Tena wamwonyesha amelala chali akipaka rangi. Sivyo, alisimama, kichwa amekirudisha nyuma na rangi ikimdondokea usoni, akamwandikia rafiki yake shairi la kulalamikia shingo yake na mgongo wake. Condivi, mwanafunzi wake aliyeandika maisha yake angali hai, asema kwamba kazi ilipokwisha macho ya Michelangelo yalikuwa yamezoea kutazama juu tu, hata kwa muda mrefu akitaka kusoma barua ilimlazimu kuiinua juu ya kichwa chake.

Habari hiyo ya barua ndiyo iliyonishika. Barua zile zilitoka kwa nani? Basi nikatafuta kitabu cha barua zake mwenyewe, kwani nyingi zimehifadhiwa hata leo, na humo nikawakuta watu ambao sinema haikuwaonyesha hata kidogo: baba yake, Mzee Ludovico, na wadogo zake watatu, Buonarroto, Giovansimone na Gismondo. Katika sinema Michelangelo hana mtu. Ana Papa, ana mwanamke mmoja wa ukoo wa Medici ampendaye, jambo ambalo halina ushahidi, basi. Lakini yule wa kweli alikuwa na nyumba nzima mgongoni pake. Fedha aliyoipata Roma aliipeleka Firenze, ikanunua mashamba, ikalipa madeni, ikawatafutia wadogo zake mtaji wa biashara ya sufu. Naye mwenyewe alikaa kwa taabu kama kibarua. Januari 1509 alimwandikia baba yake kwamba mwaka mzima Papa hajampa hata senti, wala yeye haombi, kwa kuwa aona kazi yake haiendelei hata astahili kuomba. Hao waliokuwa nyumbani hawakuacha kuomba.

Mwaka uo huo wa 1509 zikamfikia habari kwamba Giovansimone amemtenda baba yao vibaya na kumtisha. Michelangelo akamwandikia barua kali. Akamwambia kwamba kwa miaka kumi na miwili ametangatanga katika Italia yote, amevumilia kila aibu, ameuchakaza mwili wake kwa kila kazi ngumu, ili kuisaidia nyumba yao tu. Na sasa, nyumba ikianza kuinuka kidogo, yeye Giovansimone ataka kuibomoa kwa saa moja. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu.

Nina kaka yangu mkubwa, na sisi tumezaliwa wawili tu. Baba alipofariki, kaka alikuwa kijana wa miaka kumi na minane, akaenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Alianza kibarua cha kubeba zege, kisha akajifunza kupiga lipu, akawa fundi ambaye makontrakta walimtafuta, hasa kwa kazi ya dari, kwa kuwa wengi huikimbia. Karo yangu yote ilitoka katika mwiko wake, hata nikamaliza chuo cha ualimu. Kila nilipomwandikia nilianza kwa salamu ndefu na kumaliza kwa shida. Sikumbuki barua yangu hata moja iliyokosa shida.

Mwaka 1981, mimi nikiwa mwalimu mwenye mshahara, kaka alileta fedha kwa hawala ya posta ili ninunue mabati ya kuezeka nyumba ya mama. Nilikwenda posta, nikatia sahihi, nikapokea. Sikununua mabati. Nilinunua baiskeli kwa mtu aliyekuwa akihama, na fedha iliyobaki ikaenda katika mambo ambayo leo siwezi hata kuyataja yalikuwa nini. Kisha nikamwandikia kaka kwamba mabati yameadimika. Miaka ile vitu vilikuwa vimeadimika kweli, kwa hiyo uongo wangu ulipata nguo ya kuvaa.

Alikuja Noeli. Akaiona nyumba ya nyasi, akaiona na baiskeli imeegemea ukutani. Akasalimu, akaketi, akala. Hakuuliza neno. Asubuhi yake alichukua mundu akaenda kukata nyasi, na siku ya tatu akapanda juu kuziba mahali palipokuwa pakivuja, nami nikiwa chini nikimrushia matita. Ndipo nilipoona kwamba kila alipotaka kutazama juu alishika kisogo kwa mkono mmoja, kama mtu ainuaye kitu kizito. Wakati huo alikuwa na miaka thelathini na michache. Mama alifariki mwaka 1984, chini ya nyasi zile. Hata leo, baada ya miaka zaidi ya arobaini, jambo hilo hatukuwa tumelitamka, wala yeye wala mimi. Baiskeli iliibwa zamani.

Basi Jumapili baada ya mwaka mpya nilimwalika kaka aje aitazame sinema ile. Mwanangu alikuwa akimfasiria maneno. Ugomvi wa Papa haukumvuta sana; aliutazama kwa adabu, kama mgeni. Lakini mafundi walipoanza kukandika chokaa juu ya dari alisogea mbele na kiti chake. Nikamweleza kwamba kazi ile hupakwa rangi lipu ikiwa bado mbichi, ili rangi inywewe na chokaa na kukauka pamoja nayo. Kwa hiyo fundi hukandika kila siku sehemu ile tu atakayoiweza kuchora kabla ya jioni, na ikibaki, hukatwa ikatupwa. Dari yenyewe urefu wake ni kama meta 40, na upana kama meta 13.

Kaka akasema, "Meta 40 kwa vipande vya siku moja moja! Huyu alikuwa akiamka mapema." Kisha akaniuliza, "Haikuota ukungu?"

Nilistaajabu, kwani sinema haitaji jambo hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alipokuwa amekwisha kuchora Gharika ya Nuhu, ukungu ulitokea juu ya picha, hata Michelangelo akaenda kwa Papa kumwambia kwamba alikwisha kumwonya kuwa hii si kazi yake, na sasa yote yameharibika. Papa akamtuma mjenzi mmoja, jina lake Giuliano da Sangallo, akapanda akaitazama.

"Walizidisha maji," kaka akasema, kabla sijamaliza.

Ndiyo, walizidisha maji. Sangallo alisema vivyo hivyo, akamfundisha dawa yake, na kazi ikaendelea.

Sinema ilipokwisha mwanangu alitoka nje, tukabaki wawili. Nikamweleza kaka habari ya zile barua, na ya Giovansimone, na ya miaka kumi na miwili. Nilieleza kama nifundishavyo darasani, kwa kuwa sikuthubutu kueleza kwa njia nyingine. Akasikiliza, mkono kisogoni.

"Na huyo mdogo wake, waliishia wapi?"

Nikamwambia kwamba Giovansimone alifariki mwaka 1548, na Michelangelo alikuwa mzee wa karibu miaka 73, yuko Roma. Habari aliletewa na mtoto wa ndugu yake kwa maneno machache tu. Akamjibu kwa majonzi makubwa, kwamba ingawa yeye ni mzee alitumaini kumwona ndugu yake kabla hajafa, naye ataka aelezwe vizuri jinsi alivyokufa, na kama aliungama na kupokea sakramenti. Neno la zamani hakulitaja.

Kaka alinyamaza. Nami nikaona kwamba nisiposema saa ile sitasema tena. Nikamwambia, "Kaka, zile fedha za mwaka 81, za nyumba ya mama."

"Mabati kumi na manane," akasema. "Na misumari yake."

Tukakaa. Nje mwanangu alikuwa akicheka na watoto. Baadaye kaka alinyosha mkono, akakionyesha kioo cha kompyuta kwa kidole.

"Mwite huyo kijana," akasema, "aturudishie pale penye lipu, niitazame vizuri."