Gitothua Kabla ya Saa Mbili

Wengi wetu tuliotoka pwani tukahamia Ruiru kwa sababu ya kazi au ndoa twaijua Gitothua gizani tu. Mtu hutoka nyumbani jua halijachomoza ili aiwahi matatu ya Nairobi, na hurejea taa za barabarani zimekwisha kuwashwa. Sisi wawili, marafiki tangu siku za shule huko Mombasa, tuliafikiana kwamba mji tunaolea watoto wetu hauwezi kubaki mahali pa kulala tu. Basi kila Jumamosi, baada ya sala ya alfajiri, twatoka kwa miguu na simu zetu, pamoja na kamera moja ya zamani, tukapiga picha hadi saa mbili.

Saa hiyo hatukuichagua ovyo. Katika nchi iliyokaa juu ya ikweta jua hupanda upesi mno. Linapochomoza, yapata saa kumi na mbili na nusu, mwanga wake huja ubavuni, laini, wenye rangi ya asali, na kila jiwe la ukuta huonyesha alama za patasi. Ikifika saa tatu, macho ya watu yamekwisha kuingia kivulini na mabati yang'aa hata picha yaharibika. Mwezi wa Julai ni jambo jingine kabisa: ukungu hutanda, kwani hapa tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na watu waelekeao stesheni huonekana kama vivuli vilivyobeba mikoba. Reli hiyo ndiyo ile iliyofika Thika mwaka 1913. Asubuhi nyingine mbingu hutakata, na ukiwa juu ya dari ya nyumba ya ghorofa waiona Kilimambogo upande wa mashariki, na kwa bahati, kilele cha Mlima Kenya kabla mawingu hayajakifunika.

Lakini kilichotuteka ni kahawa. Sisi watu wa pwani buni tumeijua ikiwa imekwisha kukaangwa na kutwangwa, ikichemka ndani ya dele, ikinywewa chungu barazani. Maua yake hatukuwa tumeyaona. Mwezi wa Machi, siku chache baada ya mvua za kwanza, tuliingia njia ya kando ya shamba, na mwenzetu akasimama ghafla akauliza ni nani aliyevaa asumini huku bara. Matawi yalikuwa meupe tangu shinani hadi nchani, na harufu ilikuwa ile ile ya vikuba vya arusi. Maua hayo hayakai. Jumamosi iliyofuata yalikuwa yamekauka na kugeuka rangi ya udongo.

Ruiru na kahawa ni jina moja kwa wakulima. Kituo cha utafiti kilichopo hapa ndicho kilichotoa, mwaka 1985, aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Hata hivyo, mibuni ina adui mwingine asiyetibika kwa dawa. Barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa na kukamilika mwaka 2012, Nairobi ilisogea karibu, na ardhi ikawa na thamani kubwa zaidi kwa nyumba kuliko kwa buni. Sensa ya mwaka 2009 iliwahesabu watu 238,858 katika mji wa Ruiru. Ile ya 2019 iliwahesabu 490,120. Nasi tumo katika hesabu hiyo, na ghorofa tunayopanga imejengwa juu ya ardhi kama hiyo. Kuna pembe moja tunayoipiga picha kila mwezi kutoka mahali pale pale. Katika picha ya kwanza ni mibuni. Katika ya nne ni vigingi vya mpimaji. Katika ya saba ni ua wa mabati na rundo la kokoto.

Watu hatuwapigi bila idhini, na watoto wa wenyewe hatuwapigi kabisa. Adabu yatosha kuwa sababu, ila sheria nayo ipo: tangu 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data, na mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Mama anayeweka picha za watoto wa jirani mtandaoni na alijue hilo.

Asubuhi moja tulimkuta shosho mmoja akichuma buni, na mwanga ulikuwa mzuri ajabu. Tulimwamkia, tukamwomba. Akatutazama, sisi na mabuibui yetu, akauliza: "Wasichana wangu, hiyo picha itaenda wapi?" Tukamwambia itakuwa yake. Akakataa katakata. Si kwa nguo za shamba, alisema; tuje kesho akitoka kanisani. Tulikwenda. Alisimama wima mbele ya lango lake, kofia kichwani, mkoba mkononi, bila tabasamu, kama picha za studio za zamani. Kikapu cha buni tulichokitaka hakikuwepo. Tuliisafisha picha katika duka moja mjini, tukampelekea. Aliishika kwa vidole viwili, akaisogeza mbali na macho, akaikaribia tena, kisha akauliza kama twaweza kumtolea nyingine tatu, za watoto wake walioko Nakuru.