Kulea Mawe

Duka la samaki wa mapambo nililofanyia kazi kusini mwa London lilikuwa na tangi moja ambalo hakuna kilichouzwa humo. Lilikaa nyuma ya kaunta, taa yake hafifu, na sisi wafanyakazi tukiliita wodi. Humo yaliingia matumbawe yaliyofika hoi: yaliyovunjika safarini, yaliyopauka, na yale ambayo wateja waliyarudisha ndani ya makopo ya plastiki wakisema hawaelewi yamepatwa na nini. Niliingia hapo katikati ya miaka ya 2000 kutafuta kibarua cha jioni. Nilipompigia mama simu Tanga kumweleza kazi niliyopata, alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Mwanangu, umekwenda Ulaya kulea mawe?"

Simlaumu. Kwetu tumbawe lilikuwa jiwe. Lilichomwa tanuruni likawa chokaa, chokaa ikapakwa ukutani. Wavuvi wa baruti walilipasua ili wapate samaki wa siku moja, na wanaume waliozamia pweza walilikanyaga bila kufikiri mara mbili. Kwamba lile gumu ni mifupa tu, na juu yake imetandazwa nyama nyembamba ya wanyama wadogo wenye vinywa na minyiri, nilikuja kujua nikiwa nimevaa koti. Ndani ya nyama hiyo huishi mwani usioonekana kwa macho, unaotengeneza sukari kwa mwanga wa jua na kumlisha mwenyeji wake. Maji yakipata joto kupita kiasi, au mwanga ukizidi, mwani hutoka na nyama hubaki kama kioo, mifupa myeupe ikionekana chini yake. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998, bahari ilipochemka na miamba mingi ya pwani yetu ikageuka myeupe. Lakini tumbawe jeupe bado lina uhai. Lina njaa. Maneno hayo mawili ningeyajua mapema, mengi niliyoyaona pale wodini yangenishangaza zaidi.

Maana dawa ya wakati ule ilikuwa usafi. Kila mfugaji wa matumbawe alitaka kipimo cha nitrati kisome sifuri, na fosfati sifuri, kwa hoja kwamba bahari ya tropiki ina maji maangavu. Chombo cha kutoa povu kilifanya kazi usiku na mchana kukamata uchafu. Na lilikuwepo jambo la vodka. Sitanii: watu walidondosha vodka kidogo kidogo tangini kila siku, bakteria waishibe, wazaliane, wanyonye nitrati na fosfati, kisha watolewe pamoja na povu. Mimi mtoto wa madrasa nikisimama kila jioni na bomba la sindano, nikipima mililita za pombe kwa ajili ya wanyama. Mama sikumwambia.

Juu ya usafi huo ziliwekwa taa za halaidi, wati 250 au 400, zenye joto la kumfanya mtu avue fulana katikati ya Januari. Na mgonjwa hakuachwa atulie. Tumbawe likianza kumenyuka nyama lilitolewa, likaoshwa kwa maji yenye iodini, likasogezwa karibu na taa, kesho yake likasogezwa mbali, keshokutwa likageuzwa ili lionekane upande wa chini. Kila mfanyakazi aliyeingia zamu alikuwa na maoni yake na mkono wake. Kuosha kwa iodini kuna kazi yake, sikatai, hasa pale jeraha lilipo bichi. Lakini mengine yalikuwa ni wasiwasi wetu tu, tukiyaita matibabu.

Fikra zilianza kugeuka kwa sababu ya malalamiko. Wateja waliokuwa na matangi masafi kuliko yote ndio waliokuwa wakija na matumbawe yaliyopauka. Wengine walisema mchanga wao umefunikwa na ute wa kahawia wenye vipovu, kero ambayo majirani zao wenye matangi machafu kidogo hawakuijua. Mwaka 2012 Jörg Wiedenmann na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southampton walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba nitrati ikiwa nyingi huku fosfati ikikosekana, tumbawe hupauka upesi zaidi linapokabiliwa na joto na mwanga. Mwani uliomo ndani yake hukosa fosfati na kushindwa kujijenga sawasawa. Kumbe ile sifuri tuliyoifukuzia kwa vodka ilikuwa njaa tuliyoitengeneza wenyewe, dunia nzima ya wafugaji, kwa gharama kubwa.

Mwenye duka, Mwingereza mtu mzima asiyependa maneno, hakutoa hotuba. Alipunguza mwanga wa wodi, akaacha nitrati ifike miligramu 5 hadi 10 kwa lita, akaweka joto nyuzi 25, kisha akabandika karatasi kwenye kioo: USIGUSE.

Mgonjwa ninayemkumbuka kuliko wote wa kipindi hicho ni Trachyphyllia mwekundu, lile tumbawe lenye mikunjo kama ubongo, lililoletwa na mama mmoja muuguzi. Nyama yake ilikuwa imenywea hata kingo za mifupa zimechomoza, kali, na upande mmoja umeshaota mwani wa kijani. Zamani tungelipandisha juu, karibu na taa. Safari hii tulililaza mchangani, pembeni, pasipo na mkondo wa maji wa kulisukasuka. Usiku, taa zikishazimwa, tulilichungulia kwa tochi nyekundu na kuona minyiri midogo, myeupe, ikitoka kuzunguka kinywa. Hapo ndipo linapokula. Tulikata chupa ya maji ya kunywa, tukalifunika nayo ili kaa na kamba waliomo tangini wasiliibie, tukaachia ndani kamba wadogo waliogandishwa na kuyeyushwa, ukubwa wa punje ya mchele. Minyiri ilishika, ikavuta, kinywa kikafunguka taratibu mno. Tukaondoa chupa, tukaenda zetu.

Wiki zilipita bila dalili. Kisha nyama ikaanza kuvimba mchana, ikafunika ukingo mmoja wa mfupa, halafu wa pili. Pale palipoota mwani haikurudi, ikaacha kovu. Yule muuguzi alipokuja kulichukua alilitazama muda mrefu, akasema hata kazini kwao wagonjwa wengi wanachohitaji ni kula na kulala.

Jambo la pili lililobadilika ni woga wetu wa kukata. Mwanzoni tumbawe la matawi likianza kumenyuka nyama kutoka chini, tuliomba Mungu. Acropora, mmoja wa matumbawe hayo ya matawi, anaweza kumenyuka mzima kwa usiku mmoja. Baadaye tukajifunza kutangulia: koleo la kukatia mifupa, tawi linakatwa juu ya jeraha, penye nyama nzima, kisha linagundishwa kwa gundi ya haraka juu ya kigae kidogo. Si sisi tu tuliojifunza hivyo. Kule Florida, katika maabara ya Mote, mtafiti David Vaughan aliwahi kulivunja kwa bahati mbaya tumbawe alilokuwa akilihamisha tangini, vikabaki vipande vidogo ambavyo alidhani vimekwisha. Vilikua kwa kasi asiyoitegemea, na vya mzazi mmoja vikiwekwa karibu viliungana tena. Njia hiyo leo inatumika kupanda miamba iliyokufa, na ilizaliwa ndani ya tangi.

Gundi ndiyo iliyonifanya nifikirie Tanga. Kipande kisichogundishwa hupinduka kila pampu inapowaka, nyama ikasuguliwa, na hakiponi hata ukikilisha vipi. Ndiyo hali ya mwamba uliopigwa baruti: unabaki kifusi kinachobingirika na mawimbi, na matumbawe machanga yanayotua juu yake husagwa kabla hayajakomaa. Mwamba uliopauka kwa joto unaweza kupona, kwa kuwa mifupa yake bado imesimama. Uliopasuliwa husubiri miaka mingi, na pengine haurudi.

Mengine yalibadilika haraka na sitayakalia. Taa za LED zilitufikia, bili ya umeme ikashuka, lakini wateja wengi walizifungua kwa nguvu zote siku ya kwanza na kuunguza kila kitu, kwa kuwa hazina lile joto la kumwonya mtu. Mwaka 2018 Indonesia ilisimamisha usafirishaji wa matumbawe hai, na hata iliporuhusu tena yale ya kupandwa mwaka 2020, sehemu ya biashara ilikuwa imeshahamia kwenye vipande vinavyokatwa matangini humu humu Uingereza. Na hapo hapo London, kwenye Jumba la Makumbusho la Horniman, Jamie Craggs na wenzake walikuwa wamefanikiwa kuyafanya matumbawe yazae tangini kwa kuigiza misimu, joto na mbalamwezi ya baharini.

Duka lilifungwa, mimi nikahamia kazi nyingine. Tangi ninalo nyumbani, na Acropora waliomo ni wajukuu wa vipande vya ile wodi. Nawe msomaji, uwe Maskati, Dubai au Leicester, ukitaka kuanza, chukua kipande kwa mfugaji mwenzio, usinunue kilichong'olewa baharini. Na tumbawe lako likipauka, punguza mwanga, lilishe usiku, ligundishe mahali pamoja, kisha ondoa mkono wako majini.