Binti mbele, mama nyuma: kilomita 60 kwa baiskeli Denmark

Denmark wana njia za baiskeli za kitaifa, zimepewa namba kama barabara kuu. Namba 8 inafuata pwani ya bahari ya Baltiki, kisiwa hadi kisiwa, kwa zaidi ya kilomita 800. Kibao chake ni cha buluu, kina picha nyeupe ya baiskeli na namba ndani ya mraba mwekundu. Ukikikuta njia panda unakata kona kinakoelekeza, usipokikuta unanyoosha.

Julai iliyopita, mama mmoja mzaliwa wa Tanga, anayefanya kazi ya kutunza wazee mjini Odense, aliifuata njia hiyo na binti yake wa miaka 15. Walikuwa wanaelekea kisiwa cha Møn, kwenye majabali meupe ya chaki. Siku ya kwanza walitoka nyumbani wakalala Faaborg. Siku ya pili, ambayo ndiyo habari yenyewe, walitoka Faaborg hadi Spodsbjerg, bandari ndogo ya mashariki ya kisiwa cha Langeland. Ni zaidi kidogo ya kilomita 60.

Safari hiyo ilikuwa na sababu. Agosti binti alikuwa anahamia efterskole.

Efterskole ni shule ya bweni ya vijana wa miaka 14 hadi 18, na wengi hukaa mwaka mmoja tu. Mtoto hapelekwi huko kwa sababu ni mtukutu au kwa sababu shule ya mtaani haifai. Anaomba mwenyewe. Anakwenda kuishi na wenzake, kufua nguo zake, kusaidia jikoni kwa zamu, na kusoma pamoja na muziki au michezo. Wadenmaki wanaiona kama hatua ya kawaida ya kukua. Mama alikuwa ametia saini fomu, lakini alitia saini kama mtu anavyolipa faini.

Si kwamba bweni alikuwa halijui. Yeye alikwenda bweni akiwa na miaka 14, kwa basi, sanduku la bati miguuni, kwa sababu alifaulu na shule aliyopangiwa ilikuwa mbali. Alilia wiki mbili. Ndiyo maana ilimshinda kuelewa: mtoto ana chumba chake, ana meza yake, shule iko dakika kumi kwa baiskeli, halafu anaomba kuondoka. Kamtendea nini?

Hilo swali hakuwa amelisema kwa sauti.

Waliondoka Faaborg saa mbili asubuhi, kila baiskeli na mifuko miwili pembeni mwa kerieri. Hema, jiko dogo la gesi, nguo za mvua, mkate mweusi wa rai, na chapati nane zilizofungwa kwenye karatasi ya fedha, maana mama huyu hasafiri bila chapati. Wote wawili walivaa helmeti. Sheria ya Denmark haimlazimishi mwendesha baiskeli kuvaa, ila sheria ya mama inalazimisha.

Watu husema Denmark ni tambarare. Ni kweli kwamba mahali pa juu kabisa nchini hapafiki mita 171 kutoka usawa wa bahari, lakini asemaye hivyo hajapanda vilima vya kaskazini ya Faaborg na hema mgongoni mwa baiskeli. Wenyeji huviita Alpi za Fyn, nusu kwa utani. Walivipita jana yake na mapaja ya mama yalikuwa bado yanavikumbuka. Halafu kuna upepo, na huo ndio mlima wenyewe wa nchi ile. Siku hiyo ulikuwa unatoka magharibi, ukiwasukuma mgongoni.

Kilomita kumi za kwanza mama alitangulia, kama mzazi yeyote angefanya. Kila dakika aligeuza shingo. "Gari nyuma!" "Shimo hilo!" "Umekunywa maji?" Mara moja, alipokuwa amegeuka, gurudumu la mbele liliteleza kwenye kokoto na kidogo aingie shambani kwenye ngano.

"Mama," binti alisema wakiwa wamesimama, "ukiwa mbele hutazami mbele. Acha nitangulie mimi."

Mama alikubali kwa sababu kifundo cha mguu kilimuuma, si kwa sababu nyingine.

Ukiwa nyuma unaona mengi. Aliona jinsi mtoto anavyonyoosha mkono kabla ya kukata kona na kuuinua juu kabla ya kusimama. Watoto wa Denmark hufundishwa ishara hizo na kufanyiwa majaribio ya baiskeli wakiwa shuleni. Aliona pia kwamba kila walipofika kilima, binti alipunguza mwendo bila kugeuka, na juu ya kilima aliongeza. Alikuwa anausikiliza mnyororo wa mama yake.

Njia ilipita kati ya mashamba ya ngano na shayiri, nyumba zenye paa za nyasi, makanisa yaliyopakwa chokaa nyeupe. Kando ya barabara, nje ya mageti ya wakulima, kulikuwa na vibanda vidogo visivyo na muuzaji. Viazi vipya, asali, stroberi, bei kwenye kipande cha kadibodi na kopo la kuwekea hela. Siku hizi wengine huandika namba ya kulipia kwa simu. Mama amekaa nchi hiyo miaka kumi na moja na bado hawezi kununua kwenye kibanda hicho bila kuangalia huku na huku, asije akaonekana mwizi. Binti aliweka sarafu, akachukua kikapu, akaendelea kula akiwa amesimama.

Svendborg walipita haraka. Ni mji mzuri wenye bandari, lakini wenye baiskeli zenye mizigo hawana raha katikati ya watalii. Baada ya mji kuna daraja la kuvuka kwenda kisiwa cha Tåsinge, lililofunguliwa mwaka 1966. Lina urefu wa zaidi ya kilomita moja, nalo linakwenda kutoka kaskazini kwenda kusini. Kwa hiyo upepo ule ule uliokuwa rafiki asubuhi nzima sasa ulikuja kwa ubavu. Mifuko ya pembeni ikawa matanga. Chini kabisa, boti zilionekana kama maganda ya karanga.

Mama alishuka, akaanza kukokota. Binti, aliyekuwa mbali mbele, alisimama. Hakurudi, hakuita. Alisubiri ameegemea ukingo mpaka mama akafika, kisha akashuka naye akakokota. Walivuka hivyo, hatua kwa hatua, wakipitwa na bibi kizee mwenye kikapu cha mboga mbele ya usukani.

Huko Tåsinge walitoka kidogo njiani kwenda kanisa la Landet, kwa ajili ya maji. Hii ni siri nzuri ya wasafiri wa baiskeli Denmark: makaburi ya makanisa yana bomba la maji kwa ajili ya maua, na mara nyingi choo. Walipofika tu, tairi la nyuma la mama lilikuwa limelala chini. Pancha.

Mama alitoa simu kutafuta fundi. Binti alikuwa ameshageuza baiskeli kichwa chini. Alitoa tairi, akavuta mpira, akajaza maji bakuli lao la chakula na kuuzamisha kipande kwa kipande mpaka mapovu yakatoka. Akasugua kwa msasa, akapaka gundi, akaipulizia pumzi, akasubiri. Hata namna alivyobana kiraka kati ya viganja viwili, mama aliitambua. Ni ya fundi wa baiskeli aliye karibu na nyumba ya bibi yake kule Tanga, chini ya mwarobaini, ambako miaka miwili kabla binti alishinda likizo nzima na mama akamgombeza kwa kuchafua magauni.

"Kumbe ulikuwa unajifunza."

"Wewe ulidhani nafanya nini?"

Wakati gundi inakauka walitembea makaburini. Pale Landet amezikwa Elvira Madigan, msichana wa sarakasi aliyecheza juu ya kamba, aliyetoroka na luteni wa Kiswidi mwenye mke na watoto. Julai 1889, katika msitu wa kisiwa hicho hicho, luteni alimpiga risasi kisha akajiua. Msichana alikuwa na miaka 21. Mama alisoma mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa, akapiga hesabu, akanyamaza muda mrefu.

"Huyu alimkimbia mama yake," alisema.

"Mimi sikukimbii, Mama. Nimekuomba. Umetia saini."

Hapo ndipo swali lilipotoka, tena si lile kubwa. Mama aliuliza: "Nani atakusuka nywele huko?"

Binti alicheka, kisha akaona kuwa si utani. Katika shule nzima huenda asiwepo mwingine wa kumwelewa akisema ngozi ya kichwa inawasha. Tangu utotoni, kila Jumapili jioni, amekaa sakafuni katikati ya magoti ya mama yake. Ndiyo saa yao ya kuongea. Mama hakuwa anaulizia nywele peke yake, na binti alijua.

"Nitarudi wikiendi zile za kurudi," alisema. "Nyingine nitasuka mwenyewe. Nitakosea, halafu nitazoea."

Walipanda tena. Kwa daraja jingine waliingia Langeland upepo ukiwa umerudi mgongoni, na mama hakushuka. Kutoka Rudkøbing hadi Spodsbjerg ni upana wa kisiwa tu, karibu kilomita nane, lakini kwa miguu iliyochoka zilikuwa kama ishirini. Walilala kwenye kibanda cha mbao chenye upande mmoja wazi, vya aina ile viko vingi Denmark kwa ajili ya wasafiri wa miguu na baiskeli. Feri ya kwenda Lolland ingekuwa asubuhi, dakika 45.

Saa nne usiku mwanga ulikuwa bado upo. Helmeti ilikuwa imezifumua nywele za binti mbele. Alisimamisha simu juu ya mfuko, akaiwasha kamera iwe kioo, akachana na kuanza kusuka. Mstari wa kwanza ulikwenda upande. Mama, mikono ndani ya mfuko wa kulalia, aliuona.

"Umenyooka?" binti aliuliza.

"Endelea," mama alisema.